Usiulize Mwezi, Uliza Mwinuko

Watu wanaotaka kupiga kambi Nyanda za Juu Kusini huniuliza swali lile lile: "Mwezi gani mzuri?" Wengi wanatoka Dar es Salaam au Dodoma. Wamesikia habari za maua ya Kitulo, wamesikia na Matema, wameazima hema kwa shemeji, na likizo yenyewe ni ya siku nne. Wanategemea niseme Julai, au Desemba, wakakate tiketi. Jibu langu huwakera kidogo: karibu kila mwezi ni mzuri, ila si kila mahali.

Tazama ramani. Ufukwe wa Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, hauzidi mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Iringa uko kwenye mita 1,600 hivi, jiji la Mbeya 1,700, mashamba ya chai ya Mufindi ni juu zaidi ya hapo, na uwanda wa Kitulo unavuka mita 2,600. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo siku moja, saa ile ile, mtu wa Matema anajipepea kwa kanga huku mwenzake wa Kitulo, ambaye kwa safari ya ndege asingekuwa mbali, amejifunga blanketi la pili. Kati yao kuna nyuzi 13, na hapo upepo sijauhesabu.

Mvua nayo haigawanyiki sawa. Iringa mjini na kushuka kuelekea Ruaha kuna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na ikikatika imekatika. Rungwe na Kyela ni habari nyingine. Milima inakamata unyevu unaopanda kutoka ziwani, mvua inakuwa nzito hasa kuanzia Machi hadi Mei, na Tukuyu huendelea kuloa wakati Iringa vumbi limekwisha kuanza kupanda. Basi anayetaka kulala nje mwaka mzima afanye kama wafugaji wafanyavyo: ahame. Kipupwe kikibana, ashuke ziwani. Maua yakichanua, apande. Mvua ikizidi upande mmoja, aende mwingine.

Wapo watakaosema kulala hemani ni mambo ya wazungu. Hao wamewasahau wachungaji wa bonde la Usangu, wavuvi wanaolala mchangani wakisubiri mwezi uzame, na vijana wote waliopita JKT Mafinga, ambao hadi leo wakisikia neno kambi miguu inataka kukimbia yenyewe.

Nianze na Juni, Julai na Agosti, kwa sababu ndipo makosa mengi hufanyika. Shule zimefungwa, mvua hakuna, barabara ni kavu, na familia inapanda Kitulo kuona Bustani ya Mungu. Inakuta nyasi za kahawia, upepo unaopita kwenye mifupa, na alfajiri barafu nyeupe juu ya majani. Maua yalikwisha miezi miwili iliyopita. Watoto wanalia, baba anasema mandhari ni nzuri, mama hajibu.

Miezi hiyo teremka. Kutoka Mbeya pita Uyole, Isyonje, Kiwira na Tukuyu, endelea hadi Kikusya, kisha kunja kushoto kwenda Ipinda na Matema. Utaanza na viazi na kabichi za Uporoto, utapita migomba na chai ya Rungwe, utaingia kwenye kakao na mpunga wa Kyela, na katika kila hatua mtu mmoja kwenye gari atavua sweta. Matema imejibanza pale uwanda wa Kyela unapogota kwenye Milima ya Livingstone, ambayo inasimama wima kutoka majini kwa zaidi ya mita 1,500. Baadhi ya nyumba za wageni za ufukweni hupokea wenye mahema kwa malipo madogo kuliko chumba, ukapata choo, bafu na mlinzi. Hiyo ndiyo namna ninayompendekezea anayeanza, hasa mwenye watoto. Ukitaka kulala mbali na nyumba za wageni, nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, jitambulishe, sema mko wangapi na mtakaa siku ngapi. Kijiji kikijua mgeni wake ni nani, kitamlinda. Wazee wa Kinyakyusa wataridhika zaidi ukiwasalimu kwa utulivu kabla ya kueleza shida yako, na "ndaga" moja ya shukrani huenda mbali kuliko noti.

Juu ya kusimika hema pale: usilisogeze karibu na maji kwa kupenda picha. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini huyasukuma maji urefu huo wote. Mwisho wa safari ya mawimbi hayo ni miguuni pako, Matema. Ziwa linaloonekana kama sahani saa kumi na mbili asubuhi linaweza kuwa linanguruma saa tisa mchana. Tafuta alama ya takataka na majani makavu iliyoachwa na wimbi la mwisho kubwa, kisha panda juu yake hatua thelathini nzuri. Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye mifuko ya sandarusi, ifunge kwenye kamba za hema, uifukie kina cha goti. Kama una mpango wa kwenda Ikombe kwa mtumbwi au boti, nenda asubuhi na urudi kabla ya chakula cha mchana, na usikubali kupanda chombo kisicho na maboya ya kuokolea, hata kama nahodha anacheka.

Ikombe ni kijiji cha Wakisi, na wanawake wake ndio wafinyanzi wa vyungu unavyoviona hadi Mbeya mjini. Siku ya Jumamosi vyungu huletwa kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, kando ya Matema. Panga safari yako iguse Jumamosi. Nunua chungu kimoja cha kupikia, kichemshie maji ya pumba au uji mara ya kwanza ili kikaze, halafu pikia humo samaki uliyemnunua kwa wavuvi asubuhi. Mchele usiubebe kutoka nyumbani. Kumpelekea Mkyela mchele ni utovu wa adabu.

Sasa afya, na hapa sitanii. Bonde la Kyela lina joto na maji, kwa hiyo lina malaria ya kutosha, na anayetoka Makete, Njombe au Mufindi mara nyingi hana kinga ya mwili aliyo nayo mwenyeji wa Kyela. Hema lenye wavu mzima ni chandarua tosha kama milango inafungwa kabla ya jua kuzama. Lililotoboka lishonwe kabla ya safari. Vimelea huchukua wiki moja au zaidi kabla ya homa kuanza, kwa hiyo ugonjwa huwakuta watu wakiwa wamesharudi nyumbani kwenye baridi, wakadhani ni mafua. Homa yoyote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, nenda ukapime, na umwambie mganga kwamba ulikuwa Kyela. Kuhusu kichocho, ogelea kwenye mchanga wazi unaopigwa na mawimbi, uepuke matete, vidimbwi na midomo ya vijito ambako konokono hukaa. Aliyeoga sana asubiri mwezi mmoja na nusu hadi miwili ndipo apime, maana kipimo cha mapema mno hukosa mayai, na dawa yake ipo na inatibu. Midomo ya mito, kama Lufilyo, iache kabisa. Waulize wavuvi wapi pana mamba, na jibu lao lisiwe jambo la kujadiliwa.

Wapo wasiosikia. Watapanda juu Julai hiyo hiyo, na nakiri kwamba anga la usiku la Kitulo wakati wa kipupwe ni sababu tosha ya mtu kuwa mkaidi. Kwa hao nina maneno mengi zaidi, kwa sababu baridi ndiyo inayoharibu safari nyingi huku kwetu, si simba wala mvua.

Mtu hemani anapoteza joto zaidi kwenda chini kuliko kwenda juu. Ardhi iliyopoa inanyonya usiku kucha, na blanketi ulilolalia limebanwa na uzito wako, halina hewa ndani, halifanyi kazi. Ukiwa na mablanketi matatu, mawili yaende chini. Bora zaidi ni godoro jembamba la sponji la kukunjwa, na chini yake mkeka, na chini ya hema lenyewe turubai. Turubai hilo likunjwe pembeni lisitokeze nje ya hema hata kidole, la sivyo umande na mvua vitatiririkia juu yake na kuingia chini yako. Mfuko wa kulalia si lazima uununue mpya. Kwenye mitumba ya Mwanjelwa pale Mbeya, au Mlandege pale Iringa, hupatikana mizuri kwa mwenye subira. Ukunjue wote kabla ya kulipa, vuta zipu toka juu hadi chini, na upapase kama pamba imejikusanya sehemu moja. Jaketi la manyoya ya bata ni jepesi na lina joto, lakini likiloa limekufa. La sufi bandia huvumilia unyevu, na kwa milima yetu yenye ukungu ndilo ninalolichagua.

Nguo za kulalia ziwe nguo za kulalia tu. Zile ulizotembea nazo zina jasho, hata kama hulisikii, na jasho hugeuka barafu mgongoni saa nane za usiku. Vaa soksi kavu, kofia ya mzula, na kitu shingoni. Kula kabla ya kulala, tena kitu chenye mafuta kidogo, maana mwili ni lazima uwe na cha kuchoma. Chemsha maji, yajaze kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, iweke mapajani. Nenda haja ndogo kabla ya kuingia, usijiambie utavumilia. Usijifunike kichwa chote ndani ya mfuko ukapumulia humo, kwa sababu mvuke wa pumzi utailowesha pamba. Na acha kidirisha cha juu cha hema wazi kiasi cha kiganja. Hema lililofungwa kabisa hunyesha kwa ndani.

Mahali pa kusimika hema napo pana siri yake. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku na kutuama bondeni kama maji. Kwa hiyo kitako cha bonde, kinachoonekana kimejikinga na upepo, ndicho kitakachokuwa cheupe asubuhi. Panda mteremko kidogo tu, hata mita ishirini za wima, ukae chini ya ukingo unaokinga upepo, na uelekeze mlango mashariki ili jua la kwanza likukute. Ndani ya hifadhi utalala pale utakapoonyeshwa, lakini hata eneo la kambi lina sehemu yake ya juu na ya chini.

Halafu jiko la mkaa. Kila kipupwe tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba wasiamke, huku Mbeya, Iringa na Njombe. Hema ni dogo kuliko chumba. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala moshi, na mkaa uliofunikwa na majivu bado unaitoa. Jiko lisiingie hemani, wala kwenye kibaraza cha hema, wala "dakika tano tu kupasha miguu". Ukiwa na jiko la gesi, ujue kwamba gesi hulegea kwenye baridi kali. Mtungi uliolala nje utatoa mwali wa huzuni alfajiri. Uweke mahali pakavu penye hewa, usigande, na usiupashe moto kwa namna yoyote.

Juu huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kwenye mita 2,600 huchemka karibu nyuzi 91, ndiyo maana chai yako inakuwa na mapovu mengi na ladha kidogo, na maharage yanaweza kukutia aibu mbele ya wageni. Maharage na makande vipikwe nyumbani, vibebwe vimeiva, huko vipashwe tu. Viazi mviringo vya Makete vikatwe vidogo. Kuni usikate. Ukipita Mafinga kwa gari nunua mzigo wa mabanzi kwenye viwanda vya mbao. Yametoka kwenye misonobari ya Sao Hill, ni makavu, na yanawaka bila kubembelezwa.

Septemba hadi Novemba ni miezi ya vumbi na moto. Nyasi za milimani zimekauka, watu wanachoma mashamba, na upepo hauna adabu. Kwenye nyasi usiwashe moto kabisa, hata kwenye mafiga, pika kwa gesi mahali palipofyekwa. Ukiona moshi upande upepo unakotokea, ondoka kwanza, ukunje hema baadaye. Miezi hii ni ya Ruaha. Hifadhi hiyo ya mwaka 1964, ambayo baada ya kuongezewa Usangu mwaka 2008 ilifikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000, iko kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini kwa njia ya Idodi na Tungamalenga. Wanyama husogea kwenye mabwawa machache yaliyobaki ya Mto Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka sehemu ya kila kiangazi kwa sababu ya maji kutumika huko juu Usangu. Kwa hiyo unaona wanyama wengi, na sababu yake si ya kufurahisha.

Kambi za ndani hazina uzio. Ukishaingia hemani usiku, tulia humo hadi kuche. Ndoo ya haja ndogo si anasa bali ni kifaa cha usalama. Matunda yasilale hemani, tembo ana pua ndefu na subira fupi. Nguo nyeusi na za buluu iliyokolea huwavuta mbung'o, vaa rangi ya nyasi. Malipo ya hifadhi za taifa hufanywa kwa kontroli namba, si kwa fedha taslimu mlangoni, basi maliza jambo hilo ukiwa bado na mtandao Iringa. Kibali huhesabiwa kwa saa 24: anayeingia saa nane mchana anapata jioni moja na asubuhi moja, anayeingia alfajiri anapata siku nzima. Hesabu mwenyewe.

Wakati huo huo, kwa asiye na gari la Ruaha, Kilele cha Mbeya, mita 2,800 na kidogo, ni matembezi ya siku moja yenye kuona mbali kabla ukungu wa mvua haujaanza. Usiende peke yako, na mwenyeji wa kukuongoza mlipe vizuri.

Mvua za kwanza zinaponyesha, watu wanakunja mahema. Mimi ndipo ninapoyakunjua. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili uwanda wa Kitulo hugeuka. Okidi za ardhini peke yake ni aina zaidi ya 40, na mimea yote inayotajwa huko ni aina 350 hivi. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na katika Afrika ya kitropiki ndiyo ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ilikuwa na sababu. Viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Ukimkuta mtu ameinama na jembe huko, hachimbi mboga. Na wewe usichume hata ua moja la picha, kwani okidi iliyong'olewa haioti kwenye ndoo yako ya Sinza.

Njia ya kufika ni mbili. Ya kwanza inatoka Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu. Ya pili inapanda kutoka Chimala kwenda Matamba kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu na kuzifanya jina: Hamsini na Saba. Kwa mandhari, hakuna ya kuishinda. Kwa mvua ya Februari, ifuate kwa gari linalouma matope na dereva asiyejionyesha. Fika Chimala asubuhi, kwa sababu mvua nyingi za msimu huu hunyesha mchana, na kona zile hazifai kukutwa na ngurumo na giza pamoja.

Hilo la ngurumo ndilo kuu. Kitulo ni uwanda wa nyasi, hauna miti, na mtu aliyesimama ni kitu kirefu kuliko vyote. Tembea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na mawingu yakianza kupanda kama maghala, karibu saa sita hivi, uwe umeshuka kwenye gari au jengo. Ukikamatwa wazi, achaneni, msikusanyike, mteremke kwenye sehemu ya chini, mchuchumae miguu pamoja. Hema si kinga ya radi, hasa lenye fito za chuma. Viatu viwe gambuti, siyo raba. Chukua mifuko migumu isiyopitisha maji ya kuwekea nguo za kulalia, na uifunge kama vile unaitupa mtoni.

Mwenye miguu na siku za kutosha anaweza kutembea kutoka uwandani, kupitia msitu wa Livingstone, hadi Matema, akishuka zaidi ya mita 2,000 kutoka baridi hadi minazi. Fanya hivyo pamoja na mwongozaji aliyeidhinishwa na hifadhi, na si wakati wa mvua kubwa, maana mteremko ule wa udongo mwekundu hausamehe goti. Katika msitu huo, na kwenye Mlima Rungwe ng'ambo ya bonde, anaishi kipunji, kima wa kahawia aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kwa jina kabla ya hapo. Huenda ukaisikia sauti yake, kama mbweko wenye honi ndani, kabla hujamwona. Rungwe yenyewe, karibu mita 2,960, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na vibali hushughulikiwa Tukuyu. Ziwa Ngosi kwenye Milima ya Uporoto lipe nusu siku, si usiku. Njia yake ni mwinuko wa matope ndani ya msitu hadi ukingoni, na ziwa liko chini kabisa ya kuta za shimo la volkano. Wenyeji wana heshima zao kwa ziwa hilo. Mwongozaji akikuambia usipige kelele, nyamaza.

Aprili, Kyela inazama na Hamsini na Saba inateleza kama sabuni. Usiende. Subiri Mei uelekee Iringa, na huu ndio mwezi ninaoupenda kuliko yote, pengine kwa sababu hakuna anayeutaja. Mvua imekatika, vumbi halijaanza, vilima ni kijani, baridi haijapata meno. Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini, ina nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe zilizoanza kuokotwa mwaka 1951. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa pembeni, rangi zitatoka. Kulala, endelea na barabara kuu ya Mbeya hadi Kisolanza, shamba lililo kama kilomita 50 kutoka Iringa, ambalo limepokea wasafiri wenye mahema kwa miaka mingi. Kuna maji moto, sehemu za kupikia zilizoezekwa, na duka la mazao ya shamba. Kwa familia inayolala nje kwa mara ya kwanza sijui mahali palipo rahisi zaidi. Ukitaka ukungu na chai, ongeza saa kadhaa hadi Mufindi, utembee kando ya Bwawa la Ngwazi. Na njiani vijijini ulanzi bado unagemwa. Onja, ila ule wa asubuhi ni juisi na ule wa jioni ni hakimu, na hema la kusimika gizani halipendi mtu aliyehukumiwa.

Takataka zote rudi nazo, pamoja na zile pempasi ambazo watu hudhani zikifukiwa zimeisha. Fisi na mbwa huzifukua usiku huo huo. Pasipo na choo, chimba shimo la kina cha kiganja na nusu, hatua mia moja kutoka kwenye maji, ufukie. Na ukifika nyumbani, hata kama umechoka vipi, hema litoe kwenye mfuko siku hiyo hiyo, litandaze kwenye kamba kivulini, liguse mishono kwa mkono uone kama imekauka kabisa, ndipo ulikunje. Lililohifadhiwa na unyevu wa Mei litakuwa na ukungu na kuanza kuvuja kabla ya Juni, na Juni, kama tulivyokubaliana, unatakiwa uwe njiani kuelekea Matema.